Lenzi kwanza, kamera baadaye

Barua ya wiki hii imetoka Makutano, ile ya mjini Meru, wala si ile njia panda ambako magari ya Mwea na Embu huachana na yale ya Nyeri. Aliyeiandika ni baba wa watoto watatu, mtu wa ajira, ambaye kwa miaka kadhaa sasa amekuwa akipiga picha kwa kujifurahisha tu. Kamera yake ni Nikon D3200 aliyoinunua ikiwa imetumika, pamoja na ile lenzi ndogo ya 18-55 inayouzwa nayo. Analalamika kwamba picha za kanisani na za jioni nyumbani hutoka zikiwa na ukungu, na za mwanawe akicheza mpira hazionyeshi uso. Tena mama yake mzazi, aliyepita miaka themanini na anayeishi upande wa Nkubu, hana hata picha moja nzuri, na bwana huyu anahofia kuchelewa.

Sasa sacco imemkubalia mkopo, naye ameona tangazo la kamera kubwa ya sensa pana, zile zinazopendwa na wapiga picha wa harusi. Mkewe amekataa katakata. Karo ya Januari, asema mama watoto, haingoji picha. Bwana anataka kujua ni nani kati yao mwenye haki.

Sitazungukazunguka. Mkeo ana haki kuhusu mkopo, nawe una haki kuhusu picha. Na jambo la kufurahisha ni kwamba hamhitaji kugombana, kwa sababu dawa ya picha zako haimo katika kamera hiyo kubwa.

Hebu tuitazame kwanza hiyo kamera unayoitamani. Sensa ni kile kibamba kilichomo ndani ya kamera, kinachopokea mwanga mahali pa filamu ya zamani. Yako ina upana wa milimita 24 hivi; ile ya sensa pana ina milimita 36, sawa na filamu tuliyoizoea. Ni nzuri, sikatai. Lakini lenzi yako ya 18-55 ilitengenezwa kwa sensa ndogo. Ukiifunga kwenye kamera ya sensa pana kama vile Nikon D750, kamera itatumia sehemu ya katikati tu, na zile megapikseli 24 ulizolipia zitashuka hadi 10 hivi. Hiyo ni chini ya nusu ya zile ulizo nazo leo katika D3200! Kwa hivyo itakubidi ununue na lenzi nyingine, nazo lenzi nzuri za sensa pana ni ghali na nzito. Mkopo wa kwanza utazaa wa pili. Wenye Canon mambo yao ni magumu zaidi, kwani lenzi zilizoandikwa EF-S hazishiki kabisa kwenye kamera zao za DSLR zenye sensa pana.

Turudi kwenye ukungu wa picha zako. Tazama mbele ya lenzi yako utaona maandishi 1:3.5-5.6. Hizo ni namba za tundu linalopitisha mwanga, na namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Ukivuta lenzi hiyo hadi mwisho ili uukaribie uso wa mtu, tundu lake kubwa kabisa ni f/5.6. Lenzi ya f/1.8 hupitisha mwanga unaokaribia mara kumi ya huo. Mara kumi! Hakuna kamera ya daraja la kati utakayoinunua leo itakayokupa faida kama hiyo kwa kubadilisha sensa peke yake. Ndani ya kanisa, kamera yako ikikosa mwanga hulazimika kuiacha shata wazi kwa muda mrefu, pengine sehemu moja ya 15 ya sekunde. Katika muda huo mkono wako umetikisika na mhubiri amegeuza kichwa. Utasema lenzi yako ina kituliza mtikisiko, zile herufi VR. Naam, lakini VR hutuliza mkono wako. Haimtulizi mhubiri.

Basi pesa za kwanza zitoe kwa lenzi iitwayo AF-S DX 35mm f/1.8G. Ilitoka mwaka wa 2009, ina uzito wa gramu 200 tu, na katika soko la vitu vilivyotumika hupatikana kwa sehemu ndogo ya bei ya kamera uliyoitaja. Haivuti karibu wala haisogezi mbali. Ukitaka kumkaribia mtu unatembea. Wengi hulalamika juma la kwanza, halafu wanaizoea na hawaitoi tena.

Hapa nakuonya, kwa maana nimeona wengi wakinaswa. Kuna lenzi nyingine ya Nikon ya bei nafuu, 50mm f/1.8D. Muuzaji atakuambia ni ileile, na tena ni bora kwa nyuso. Ni lenzi nzuri, lakini haina mota ndani yake. Hutegemea mota iliyomo kwenye kamera, na D3200 haina, sawa na kamera zote za D3000 na D5000. Itashika, itapiga, ila haitalenga yenyewe. Utabaki ukizungusha kwa mkono huku mtoto akikimbia. Ukitaka ya milimita 50, chukua yenye herufi AF-S na G mwishoni, iliyotoka mwaka wa 2011. Kadhalika lenzi mpya zaidi zilizoandikwa AF-P: kwenye D3200 hazilengi kabisa. Herufi mbili tu, na pesa zimekwenda. Wenye Canon hawana shida hii, maana tangu mwaka wa 1987 lenzi zao za EF zimekuwa na mota ndani. Wao watafute 50mm f/1.8 STM ya mwaka wa 2015, au ile nyembamba ya 24mm f/2.8 STM ikiwa chumba ni kidogo.

Kuhusu mama wa Nkubu, usingoje hata hiyo lenzi. Nenda Jumamosi hii na kamera uliyo nayo. Mwombe ruhusa kwanza, kwani wazee wetu si wote wanaopenda kupigwa picha wakiwa na nguo za kazi, na mpe nafasi abadilishe leso akitaka. Weka kiti chake hatua moja au mbili ndani ya mlango ulio wazi, jua lisimfikie, uso wake ukielekea nje kwa upande. Zima flashi ya kamera. Mwanga wa mlangoni ni laini na unaonyesha mikunjo ya uso bila kuikoleza. Wewe simama karibu na mlango, piga ukiwa umeegemea fremu yake ili mkono utulie, na lenga jicho lililo karibu nawe. Piga nyingi, mkiongea. Picha ya kwanza huwa ni ya mtu anayengoja kupigwa picha. Nzuri huja ya ishirini hivi, akiwa amekwisha kusahau. Ukipata ile ya 35mm baadaye, rudia mahali papo hapo na ulinganishe.

Mpira ni habari nyingine. Huko tatizo si mwanga, ni umbali na kasi. Mchezaji anayekimbia anahitaji shata ya sehemu moja ya 500 ya sekunde au kasi zaidi, nayo kamera ukiiachia alama ya kijani iamue yenyewe haitajua kama unapiga mchezo au ukuta. Zungusha gurudumu la juu hadi herufi S, weka 500 au 1000, na uiache ISO ipande yenyewe hadi 1600. Kisha weka ulengaji wa kufuata, ule ulioandikwa AF-C, na utumie nukta ya katikati peke yake. Haya yote hayagharimu senti. Yakiisha, na ukiona bado mtoto ni mdogo katika picha, tafuta lenzi ya 55-200 au 55-300, zote zikiwa AF-S zenye VR. Kwa mechi ya alasiri uwanjani Kinoru zinatosha, bora usimame jua likiwa mgongoni mwako. Jioni zitakushinda, na lenzi ambazo hazishindwi jioni huuzwa kwa bei ya pikipiki. Mwachie mpiga picha wa gazeti.

Kuna jambo moja ambalo vitabu vya kamera vingi husahau, kwa kuwa viliandikwa mbali nasi. Meru iko karibu kabisa na mstari wa ikweta. Jua letu halitambai pembezoni mwa anga kama la Ulaya. Huchomoza na kupanda moja kwa moja. Ule mwanga wa dhahabu ambao waandishi wa vitabu hivyo wanasema hudumu jioni nzima, kwetu ni kama nusu saa, na ikifika saa nne asubuhi macho ya watu yamekwisha kuwa mashimo meusi. Ukitaka Mlima Kenya, uwe nje kabla ya saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kwani mara nyingi ifikapo saa tatu au nne mawingu yameufunika. Na ukilazimika kupiga watu saa sita mchana, waweke chini ya mti au kwenye baraza.

La pili ni rangi ya ngozi. Mita ya kamera hudhani kila kilicho mbele yake kina weusi wa wastani, kijivu cha katikati. Ukimpiga mtu mweusi mbele ya anga jeupe, kamera huona weupe mwingi, ikapunguza mwanga, na uso ukawa kama mkaa. Si kosa la uso. Hata katika enzi za filamu za rangi, maabara zilipima rangi kwa kadi zenye picha ya mwanamke Mzungu, na kwa miaka mingi nyuso zetu zililipa gharama. Kwenye D3200 kuna kitufe kidogo chenye alama ya kujumlisha na kutoa, karibu na kile cha kupigia. Kibonyeze na uzungushe gurudumu hadi +0.7 au +1. Anga litapauka kidogo, wacha lipauke. Tena piga kwa faili ghafi, ile iitwayo RAW, ili ukiwa nyumbani uweze kuinua weusi bila kuiharibu picha.

Mkiwa na flashi ya nje iliyotumika, kama SB-600 au SB-700, igeuzeni igonge ukuta mweupe. Msiigonge juu kwenye mabati yasiyo na dari, maana itarudi vipandevipande na yenye rangi ya ajabu.

Haya, tuseme mwaka umepita. Lenzi ya 35mm umeizoea, karo imelipwa, na bado unahisi kamera inakubana. Hapo kubadilisha kamera kuna maana, na ya kutazama ni Nikon D7200 ya mwaka wa 2015. Fahamu kwanza kile ambacho hutapata. Megapikseli ni 24, zilezile ulizo nazo, na picha ya mchana mweupe mtu hataweza kuzitofautisha. Gizani itakuwa bora kwa kiasi kidogo tu. Unacholipia ni kazi ya mikono na macho: nukta 51 za kulengea badala ya 11, picha sita kwa sekunde badala ya nne, magurudumu mawili ili ubadilishe tundu na shata bila kuingia kwenye menyu, dirisha la kuchungulia linaloonyesha picha nzima, nafasi ya kadi mbili, na mwili uliozibwa dhidi ya vumbi na manyunyu. Mtu anayesafiri barabara ya Isiolo anajua thamani ya kuzibwa dhidi ya vumbi. Zaidi ya hayo ina ile mota, kwa hivyo lenzi za D za bei nafuu zitakulengea zenyewe. Lenzi zako zote zitaingia. Betri hazitaingia, usizitie katika hesabu.

Ile iliyoifuata, D7500 ya mwaka wa 2017, ina kasi zaidi na skrini ya kuinamisha, lakini waliipunguzia nafasi moja ya kadi. Kwa mtu anayepiga ubatizo wa binamu zake bila malipo, nafasi mbili za kadi ni afadhali kuliko kasi. Upande wa Canon, wenzao wa daraja hili ni 70D na 80D, na ukitaka ya mwisho kabisa katika ukoo huo, 90D ya mwaka wa 2019.

Wengine wataniuliza: je, kamera hizi za kioo si zimekwisha kupitwa na wakati? Ni kweli kwamba Canon na Nikon hazijaleta DSLR mpya tangu mwaka wa 2020, na nguvu zao zote sasa ziko kwenye kamera zisizo na kioo. Kwa mtu wa kazi ya picha hilo ni suala zito. Kwa mtu anayepiga picha kwa kupenda, ni neema, kwani matajiri wanahama na wanaacha vyombo vizuri nyuma yao kwa bei ya kutupwa. Siku ukihama nawe, lenzi za Canon EF na EF-S hufanya kazi barabara kwenye kamera zao mpya kwa kutumia adapta. Adapta ya Nikon iitwayo FTZ hupokea lenzi za AF-S na kuzilengesha, ila zile za D zenye kutegemea mota ya kamera hazilengi. Sababu nyingine ya kununua AF-S tangu leo, hata kama D7200 ingeweza kuzivumilia.

Sasa ununuzi wenyewe. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na kamera nyingi za mitandaoni zinajitembeza sana. Usitume pesa kwa M-Pesa kabla hujakishika chombo mkononi, hata ukiambiwa kuna mteja mwingine aliye njiani kutoka Chuka. Kutaneni mchana, mahali penye watu, nawe uende na kadi yako, betri yako iliyojaa na kompyuta ndogo ikiwezekana. Piga picha moja ya JPEG kwa Nikon. Ndani yake mna hesabu ya mara ambazo shata imefunguka, na programu nyingi za bure zitakusomea. D7200 ilijaribiwa kiwandani kwa mara 150,000. Iliyofika 40,000 ni kijana. Iliyofika 140,000 ilikuwa ya mtu wa harusi, na bei iwe ya mzee. Canon hawaiweki hesabu hiyo ndani ya picha, kwa hiyo tazama mpira wa mshikio na rangi ya vitufe; mikono haidanganyi.

Kisha weka tundu f/16, piga anga jeupe, na uikuze picha. Madoa meusi machache ni vumbi la kusafishika. Mikwaruzo si ya kusafishika. Kwa lenzi, washa tochi ya simu upande wa nyuma na uchungulie kutoka mbele: ukiona nyuzinyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu, na muuzaji akikuambia ni vumbi, mwachie vumbi lake. Lenzi zilizokaa Mombasa bila kupata hewa huugua ugonjwa huu, lakini hata Meru na Embu zina miezi ya ukungu na baridi yenye unyevu. Tazama kama skrubu zimechubuliwa, dalili ya kufunguliwa na fundi wa haraka. Uliza chaja, uliza risiti, na linganisha namba ya kamera na ile iliyo kwenye risiti. Asiye na majibu huenda alikinyakua chombo hicho kwenye matatu ya mwenzako.

Ukishainunua, usiifungie kabatini ndani ya mfuko wake wa ngozi. Iweke kwenye chombo cha plastiki chenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya masanduku ya viatu, na uvibadilishe, kwa sababu vikishiba havinywi tena. Wako wanaotumia mchele. Mchele wa Mwea ni wa pilau. Vumbi lake huingia kwenye lenzi.

Na kabla hujanunua chochote, hata hiyo 35mm, nunua diski ya pili. Katika barua yako umetaja kwa kupita tu kwamba picha zako zote za miaka minne ziko kwenye kompyuta moja. Hilo lilinishtua kuliko suala la mkopo. Umeme wa siku moja ya radi unatosha kuziteketeza zote, na mwizi hahitaji hata radi. Nakili kila kitu kwenye diski mbili. Moja ikae nyumbani, ya pili ikae kwa ndugu wa mtaa mwingine, na mzibadilishane kila baada ya miezi miwili. Diski mbili za kawaida hazifikii hata riba ya mkopo uliopewa.

Halafu uchapishe. Nyumba nyingi zetu zina picha za babu aliyesimama studio mwaka wa 1968 mbele ya pazia lililochorwa bustani, lakini hazina hata moja ya karatasi ya miaka kumi iliyopita, kwa kuwa zote zilikwenda na simu zilizoibwa au kuvunjika. Chagua kumi na mbili kwa mwaka. Za mama uzichapishe mara mbili, nakala moja ikae kwake. Nyuma ya kila moja andika jina kamili, mahali na tarehe, kwa kalamu ambayo haifutiki kwa maji, ukiandika pembeni na bila kukandamiza, ili maandishi yasijitokeze upande wa uso.